Ubani Gani kwa Kazi Gani? Mwongozo wa Mnunuzi wa Gerezani

Katika maduka ya manukato na dawa za asili yaliyoenea kuanzia Gerezani hadi mitaa inayolizunguka soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, neno "ubani" hubeba bidhaa nyingi zisizofanana. Kopo moja lina punje za njano zinazong'aa, la pili lina vipande vyeupe vya kutafuna, la tatu lina mabonge ya kahawia yaliyoshikana na magome, na la nne lina vumbi lisilojulikana limetoka wapi. Bei zinapishana sana. Mnunuzi asiyeijua bidhaa hubaki na vigezo viwili tu: wa bei kubwa ndio mzuri, na mweupe ndio safi. Vigezo vyote viwili hupotosha.

Hoja ya makala hii ni kwamba hakuna ubani ulio bora kwa kila kazi. Upo unaofaa kufukizia sebule kila jioni, upo unaofaa msikitini au kanisani, upo wa kutafuna na upo wa kuloweka. Anayelipa bei ya ubani wa kuloweka kisha akaumwaga wote kwenye chetezo cha shughuli ya watu mia mbili amepoteza fedha. Anayeloweka na kunywa ubani uliokusudiwa moto amejiweka katika hatari. Ili kuchagua vizuri, mnunuzi anapaswa kujua mambo matatu: mti uliotoa utomvu, nchi ulikogemwa, na kazi anayoikusudia.

Mti kwanza, jina baadaye

Ubani ni utomvu wa miti ya jenasi ya Boswellia, inayoota katika nchi kavu za Pembe ya Afrika, kusini mwa Arabia, India na maeneo mengine ya Afrika. Aina zake zinazidi ishirini, lakini zinazoingia kwa wingi katika biashara ni chache. Mgemaji huchubua gome kwa kisu maalumu, utomvu mweupe kama maziwa hutoka, kisha huachwa siku kadhaa mpaka ukauke na kuwa punje. Hurudi na kuchubua tena pale pale. Utomvu wa mchubuo wa kwanza kwa kawaida huhesabiwa kuwa dhaifu. Ule wa michubuo inayofuata ndio unaotafutwa na wanunuzi. Kwa hiyo mti mmoja, katika msimu mmoja, huweza kutoa ubani wa daraja la chini na wa daraja la juu.

Majina ya sokoni hayafuati mpangilio huu. "Ubani maka", jina linalosikika sana Dar es Salaam, halimwambii mnunuzi mti wala nchi, kwani Maka si nchi ya kugema ubani. Jina lilishikamana na bidhaa kwa sababu ya njia za mahujaji na wafanyabiashara. "Ubani dume" nalo hutumiwa na wauzaji tofauti kwa punje tofauti. Jina la dukani ni mwanzo wa mazungumzo tu. Swali lenye uzito ni hili: "Kaka, mzigo huu umetoka Oman, Somalia au Ethiopia?" Muuzaji anayeijua bidhaa yake atajibu bila kusita. Anayesema tu "huu ni original" hajajibu.

Oman na madaraja yake

Ubani wa Oman hutoka Dhofar, mkoa wa kusini ambao mji wake mkuu ni Salalah. Mti wake ni Boswellia sacra. Sifa ya eneo hilo ni ya kale: mwaka 2000 UNESCO iliandikisha Nchi ya Ubani kuwa Urithi wa Dunia, ikijumuisha bonde la Wadi Dawkah lenye miti yenyewe, magofu ya Shisr, bandari ya kale ya Khor Rori na mji wa kale wa Al-Baleed.

Waomani huugawa ubani wao kwa mahali mti ulipoota. Hojari na najdi hutoka katika ardhi kavu nyuma ya milima, ambako ukungu wa khareef, yaani msimu wa manyunyu wa Juni hadi Septemba, haufiki. Shaabi hutoka karibu na pwani, kwenye unyevu, na huhesabiwa wa chini. Shazri huwekwa katikati. Ndani ya kila kundi punje huchambuliwa tena kwa rangi na ukubwa. Punje kubwa za kijani hafifu, zinazopitisha mwanga, zisizo na gome wala vumbi, ndizo za bei ya juu kabisa. Hufuatiwa na nyeupe na za njano, na mwisho huja za kahawia na nyekundu iliyokolea.

Harufu ya hojari ni nyepesi na safi, ina ukali wa limau na msonobari mbichi, na moshi wake hautawali chumba kwa ukatili. Sehemu kubwa ya harufu hiyo inatokana na kampaundi iitwayo alfa-pinini, ile ile inayopatikana kwenye misonobari. Ukichoma punje moja ndogo katika chumba cha wageni inatosha. Ndiyo maana hojari ya kijani si chaguo la busara kwa uwanja wa harusi: upepo utauchukua wepesi ule ule ulioulipia.

Ubani huu una uhusiano wa kifamilia na mwambao wetu. Tangu Sayyid Said bin Sultan ahamishie makao yake Unguja katika karne ya 19, watu, nguo, tende na manukato vimepita kati ya Maskati na Zanzibar bila kukoma. Kwa karne nyingi majahazi yaliteremka na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi. Leo ndugu anayetoka Maskati kwa ndege huja na mfuko wa hojari kwenye begi lake, na mara nyingi huo ndio mzuri kuliko wa dukani, kwa sababu umenunuliwa ulikochambuliwa na haukukaa mwaka mzima ghalani.

Somalia: beeyo na maydi

Kaskazini mwa Somalia, katika milima inayotazama Ghuba ya Aden, kuna miti miwili mikuu ya ubani, na hapa ndipo wanunuzi wengi huchanganya mambo.

Wa kwanza Wasomali huuita moxor, na utomvu wake ni beeyo. Wataalamu waliuita Boswellia carteri, na wengi wao sasa wanauhesabu kuwa mti mmoja na ule wa Oman. Harufu ya beeyo inakaribiana sana na ya najdi au shaabi, ingawa mara nyingi huwa na ukali wa pilipili na uzito zaidi. Kwa mnunuzi wa kawaida wa Dar es Salaam anayetaka ubani wa kufukizia nyumba, beeyo iliyochambuliwa vizuri ina thamani nzuri kuliko hojari hafifu iliyouzwa kwa jina la Oman. Sifa ya nchi haiwezi kuokoa punje mbaya.

Wa pili ni yagcar, yaani Boswellia frereana, unaoota juu ya miamba ya kaskazini mwa Somalia na ambao utomvu wake ni maydi. Huu ni ubani wa kutafuna. Una gundi kidogo sana inayoyeyuka katika maji, kwa hiyo ukiutia mdomoni hulainika bila kumung'unyika na kuisha. Vipande vyake vikubwa virefu vya rangi ya dhahabu, ambavyo wafanyabiashara wa Somalia huviita mushaad, ni vya bei kubwa na hupendwa sana Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba. Maydi huchomwa pia, na Wakopti wa Misri wanaujua vizuri makanisani mwao. Harufu yake ina utamu wa limau na nta, na moshi wake ni mtulivu.

Tofauti ya beeyo na maydi inahusu pia afya. Zile asidi za boswelia zinazozungumzwa sana katika tiba ya maumivu ya viungo zinapatikana katika beeyo, katika ubani wa Oman, wa Ethiopia na wa India. Katika maydi hazipo. Anayeuziwa maydi kama dawa ya magoti ameuziwa kitu kizuri kwa kazi isiyo yake.

Ethiopia, Kenya na kaskazini mwa nchi yetu

Boswellia papyrifera ndio mti unaotoa sehemu kubwa ya ubani unaouzwa duniani. Unaota Tigray, Amhara na maeneo mengine ya Ethiopia, pamoja na Eritrea na Sudan. Punje zake mara nyingi ni nyeupe au njano hafifu, na harufu yake hutofautika kabisa na ya Oman: haina ukali wa msonobari, ina utamu mzito unaokaribia ganda la chungwa, kwa sababu mafuta yake yametawaliwa na oktili asetati. Wahabeshi huuchoma kanisani na wanapoandaa kahawa kwa wageni. Moshi wake hujaa na kudumu, na bei yake kwa kawaida ni nafuu. Kwa shughuli kubwa, maulidi ya uani, misa ya sikukuu au khitma yenye watu wengi, ni vigumu kupata unaoushinda.

Weupe wa punje hizi ndio unaowapotosha wanunuzi. Mtu huona punje nyeupe za Ethiopia na punje za kahawia za Oman, akaamua kuwa nyeupe ni safi zaidi. Rangi inaweza kulinganishwa ndani ya aina moja tu. Kuvuka aina kwa kigezo cha rangi ni kulinganisha embe na papai kwa kuangalia maganda.

Ipo pia Boswellia neglecta, mti mdogo wa nchi kavu za kusini mwa Ethiopia, Somalia, kaskazini mwa Kenya, Uganda na kaskazini mwa Tanzania. Utomvu wake ni wa kahawia hadi mweusi, wenye harufu ya udongo, kuni na mchanganyiko wa dawa. Huko Samburu, kaskazini mwa Kenya, wanawake wa jamii za wafugaji huuokota na kuuuza kwa wanaokamua mafuta. Wanunuzi wa mjini wamezoea kuuona kama ubani wa daraja la chini kwa sababu ya weusi wake. Huo ni uonevu. Ukichanganywa kidogo na beeyo hutoa moshi wenye kina, na fedha yake hubaki Afrika Mashariki. Kwamba mti huu upo nchini mwetu na haujulikani madukani kwetu ni jambo la kuwafikirisha wafanyabiashara.

Ubani wa India, Boswellia serrata, hufika zaidi katika umbo la vidonge na dawa za viungo kuliko punje za kuchoma. Harufu yake kwenye mkaa ni ya kawaida, na kwa chetezo pekee hauna sababu ya kulipiwa zaidi ya beeyo.

Majirani wa ubani dukani

Kwenye rafu zile zile kuna bidhaa ambazo si ubani lakini hujibu jina hilo mteja asipokuwa makini.

Ya kwanza ni sandarusi. Hii inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Ni utomvu wa msandarusi, Hymenaea verrucosa, mti wa mwambao wa Tanzania, Kenya na Msumbiji. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa ardhini Mrima ilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu za Zanzibar pamoja na pembe za ndovu na karafuu, na viwanda vya Ulaya na Marekani viliigeuza vanishi. Kabla ya hapo ilikuwa fukizo. Wanaakiolojia waliochunguza masalia ya utomvu uliopatikana Unguja Ukuu, wa karne ya 7 hadi ya 8, walithibitisha kuwa ni sandarusi ya hapa hapa iliyotumika kama fukizo. Watu wa pwani walifukiza utomvu wao wenyewe zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na hiyo ni hoja tosha kwamba sandarusi isiuzwe kwa kujificha. Ikichomwa hutoa moshi mzito, safi, wenye ukali kidogo. Kosa si kuinunua. Kosa ni kuiuza kama hojari.

Ya pili ni manemane, utomvu wa Commiphora myrrha. Ni nyekundu hadi kahawia, chungu mno, na moshi wake ni mzito wa kidawa. Hutumika kwa kuchanganya, kidogo kwa ubani mwingi. Ya tatu ni udi, ambao katika asili yake ni mbao yenye utomvu kutoka misitu ya Asia, na ambao katika nyumba zetu mara nyingi ni mchanganyiko uliopikwa kwa sukari, mafuta na manukato. Udi hutiwa juu ya nguo na wageni. Ubani hutiwa juu ya hewa ya nyumba. Vikichomwa pamoja, anza na ubani, kisha udi mwishoni, ili utamu wa udi usizimwe.

Upande wa Uganda na nchi za Maziwa Makuu kuna utomvu wa mpafu, Canarium schweinfurthii, laini, mweupe na wenye harufu ya limau, ambao nao huchomwa kama fukizo. Mwenyeji wa Kagera anayekuja Gerezani kutafuta "ubani wa nyumbani" pengine anautafuta huo, na duka la punje za Kiarabu haliwezi kumridhisha.

Kupima kabla ya kulipa

Jicho linaanza. Tazama kama punje zimeachana au zimeshikana kwa joto, kama kuna magome na mchanga, na kama chini ya kopo kuna vumbi jingi. Unga mweupe juu ya punje hutokana na kusuguana safarini na hauna madhara. Vumbi tupu, hata likiwa la bei rahisi, lisinunuliwe: haliwezi kuchunguzwa, na harufu yake imekwisha kupotea hewani.

Pua na kiganja hufuata. Shika punje mbili, zifumbate kwa dakika moja, kisha nusa. Ubani mzuri hutoa harufu kwa joto la mkono tu. Usiotoa chochote ni mkavu wa miaka mingi. Unaonukia manukato ya chupa umenyunyiziwa.

Jino ndilo shahidi bora, kwa punje safi peke yake. Beeyo au hojari ikitafunwa huvunjika kwanza, kisha hukusanyika na kuwa ubani mweupe unaonata kidogo. Maydi hulainika mapema na kubaki. Sandarusi hubaki ngumu na kuvunjika kama kioo. Gundi ya mgunga, yaani gundi arabu, huyeyuka na kuisha. Utomvu wa msonobari huvunjika kuwa unga, huwa mchungu na hung'ang'ania meno.

Maji nayo husema kweli. Weka punje chache kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Ubani wa Oman, beeyo na wa Ethiopia huyageuza maji kuwa meupe kama tui jepesi huku punje zikibaki. Maydi hayabadilishi maji sana. Gundi arabu huyeyuka yote. Maji yakipata rangi ya kijani au ya njano kali, punje zimepakwa rangi.

Mwisho ni mkaa. Omba kuchomewa punje moja. Muuzaji mwenye mzigo mzuri hufanya hivyo kwa furaha. Ubani halisi huyeyuka polepole, hutoa moshi mweupe, na harufu yake hubadilika kutoka limau hadi mbao na nta. Moshi mweusi wa mara moja wenye harufu ya lami ni dalili ya utomvu wa msonobari uliochakachuliwa ndani. Harufu ya sukari iliyoungua ni dalili ya punje iliyotengenezwa. Kumbuka kwamba hata ubani mzuri ukiachwa mpaka mwisho huacha masizi yenye harufu ya kuungua, kwa sababu gundi yake haigeuki moshi wa kunukia. Hilo si kosa la bidhaa. Toa mabaki kwa koleo kabla hayajawa meusi.

Kazi na ubani wake

Kwa nyumba ya kila siku, nunua beeyo ya punje za kati au najdi. Punje tatu au nne ndogo zinatosha vyumba viwili. Usimwage kiganja kizima kwenye mkaa unaowaka. Subiri mkaa ufunikwe na majivu meupe, au weka tabaka la majivu kati ya mkaa na ubani. Joto dogo hutoa harufu, joto kubwa hutoa moshi. Anayetumia vidonge vya mkaa vinavyoshika moto haraka aviache viwake nje kwanza, kwa maana harufu yake ya kemikali huharibu hata hojari.

Kwa maulidi, khitma, ndoa na ibada, nunua wa Ethiopia kwa kilo, na uuchanganye na sandarusi kidogo ili moshi ushike. Kwa kufukiza sanda na chumba cha marehemu, nyumba nyingi za pwani hutumia ubani pamoja na udi, na hapo usafi wa punje unapaswa kutangulia wingi.

Kwa kutafuna, maydi. Lipia vipande vikubwa vizima, kwa sababu vidogo hubeba magome. Kwa kufukiza mtungi wa maji ya kunywa, kama wafanyavyo wazee wa mwambao, tumia punje safi ya maydi au hojari na mkaa mdogo, kisha ufunike mtungi kabla ya kutia maji.

Kwa kuloweka na kunywa, desturi iliyokita Oman, chaguo ni hojari ya kijani au nyeupe, isiyo na rangi ya kupakwa, kutoka kwa muuzaji anayejua ulikotoka. Wa Ethiopia wa bei nafuu uliobebwa katika magunia ya wazi usitumike kwa kazi hiyo. Mjamzito na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wamuulize daktari kwanza.

Kuhusu ununuzi wenyewe, nunua kwa mzani, si kwa kijiko wala kwa mfuko uliokwisha kufungwa. Vijiko hutofautiana, na mfuko uliofungwa huficha vumbi katikati. Nyumbani hifadhi katika chupa ya kioo yenye kifuniko, mbali na jua na jiko. Punje kubwa hudumu na harufu yake kuliko ndogo, kwa hiyo mwenye matumizi madogo ni bora anunue punje kubwa chache na kuzivunja anapozihitaji.

Moshi na madai ya tiba

Ubani una sifa za kweli, na madai ya uongo yanazichafua. Mwaka 2008 watafiti walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa panya, yakionyesha kuwa insensoli asetati, kampaundi iliyomo katika baadhi ya ubani, ilipunguza dalili za wasiwasi. Hiyo ni habari ya kutia moyo, lakini ni ya panya. Tiba ya viungo imechunguzwa zaidi kwa kutumia dondoo la ubani wa India, likiwa limepimwa kipimo chake. Moshi wa chetezo haumpi mtu asidi za boswelia kwa kipimo chochote cha kutegemewa. Mafuta ya ubani yaliyokamuliwa kwa mvuke nayo kwa kawaida hayana asidi hizo, kwa kuwa ni nzito mno kupanda na mvuke. Anayeuza chupa ya mafuta kwa ahadi ya kuponya saratani anafanya biashara na maisha ya watu, na mgonjwa anayeacha hospitali kwa ajili ya chupa hiyo hupoteza muda ambao hawezi kuurudisha.

Moshi wenyewe unahitaji adabu. Kila moshi wa ndani hubeba chembe ndogo zinazoingia mapafuni, na ubani haujatengwa na sheria hiyo. Utafiti uliofanyika Oman na kuchapishwa mwaka 2009 uliona kuwa kufukiza buhuri, yaani fukizo la Kiarabu, nyumbani huchochea kukoroma kwa kifua kwa watoto ambao tayari wana pumu, ingawa haikuhusishwa na kuenea kwa pumu yenyewe. Katika vyumba vya Gerezani na Kariakoo, ambavyo vingi ni vidogo na vina dirisha moja, fungua dirisha, fukiza kabla watoto hawajalala, na mwenye pumu atoke nje. Mkaa usiachwe ukiwaka chumbani usiku kwa sababu hewa yake huua. Na ubani, hata ukisemwa unafukuza mbu, hauchukui nafasi ya chandarua.

Miti iliyochoka

Mnunuzi wa Dar es Salaam yumo katika mnyororo unaoanzia kwenye miti iliyochoka. Mwaka 2019 timu ya watafiti iliyoongozwa na Frans Bongers ilichapisha katika jarida la Nature Sustainability matokeo ya uchunguzi wa Boswellia papyrifera. Katika zaidi ya asilimia 75 ya makundi ya miti waliyoyachunguza hapakuwa na miti michanga. Walikadiria kuwa mavuno ya ubani wake yatashuka kwa nusu ndani ya miaka 20. Sababu walizozitaja ni mifugo kula miche, moto, na ugemaji usiopumzisha mti. Uchunguzi wa awali ulikuwa umeonyesha kuwa mti unaogemwa kupita kiasi hutoa mbegu chache zinazoota.

Hii ina maana kwamba bei nafuu ya ubani wa Ethiopia tunaoutegemea kwa shughuli zetu haitadumu. Mnunuzi mmoja hawezi kupanda msitu Tigray, lakini soko linaweza kuuliza. Mfanyabiashara wa jumla anayedai kujua kijiji na msimu wa mavuno humlazimisha wakala wake kujua, na wakala humfikia mgemaji. Soko lisilouliza humlipa sawa anayepumzisha mti na anayeumaliza.

Kwa hiyo, kwa mkazi wa Gerezani mwenye bajeti ya kawaida, beeyo iliyochambuliwa ndiyo chaguo la nyumbani, ubani wa Ethiopia ndio chaguo la hadhara, maydi ni wa mdomo, na hojari ya kijani inunuliwe kidogo kidogo kwa kazi zinazoistahili. Sandarusi irudishiwe jina lake na heshima yake. Kwa wauzaji, ombi ni moja: andikeni juu ya kila kopo aina ya ubani, nchi ulikotoka na mwaka wa mzigo. Mteja anayesoma maandishi hayo na kukuta ni kweli atarudi dukani kwako, na atamleta jirani yake.